Taa Inayojua Kuinama

Jua la Lubumbashi huzama karibu na saa kumi na mbili, na giza halichelewi kulifuata. Saa hiyo njia za Kamalondo hujaa watu. Mtaa huu ndio mkongwe kuliko mitaa yote ya Waafrika mjini. Siku za Wabelgiji uliitwa Albert, na toka zamani wenyeji wake wamezoea kwenda kazini na kurudi kwa miguu au kwa baisikeli. Leo wanarudi pia kwa teksibasi na kwa pikipiki. Akina mama wauzaji wanafunga meza zao kando ya barabara, wanafunzi wanarejea na vitabu kwapani, wanakwaya wanatoka mazoezini. Tena ikiwa ni siku ya mchezo katika kiwanja cha TP Mazembe, kilichofunguliwa hapa hapa Kamalondo mwaka 2011, chenye nafasi za watu zaidi ya 18,000, umati mzima humwagika njiani kwa mara moja.

Katikati ya watu hao zinapita motokari. Jioni moja tulisimama pembeni mwa barabara, umeme ukiwa umekatika. Ikaja teksibasi mbele yetu, na taa zake zikatupiga usoni kama kioo kilichogeuziwa jua. Tukainua mikono, tukafumba macho. Ilipokwisha kupita hatukuona kitu: hatukuona mfereji, hatukuona jiwe, wala hatukumwona mama aliyekuwa akivuka na mtoto mgongoni. Tulimsikia kwa sauti yake kabla ya kumwona. Nasi tulikuwa tumesimama tu! Je, dereva aliyekuwa akitoka upande wetu, naye amepigwa na taa zile zile, angemwonaje mama yule?

Mama alivuka salama, Mungu ashukuriwe. Lakini swali lile hatukuweza kulisahau, ndiyo maana leo twalileta mbele ya wasomaji wetu. Taa ya motokari iliundwa ili iokoe watu. Imekuwaje basi ikapofusha?

KIWI CHA MACHO

Lugha yetu ina neno zuri kwa jambo hili: kiwi. Mwanga mkali ukikupiga usoni, watu husema umefanya kiwi cha macho. Macho ni mazima, lakini hayaoni.

Na tueleze jinsi inavyotokea. Mboni ya jicho ni kama mlango: mbele ya mwanga hujibana, gizani hujipanua. Mlango huu hufanya kazi yake upesi. Lakini nyuma kabisa ya jicho kuna utando mwembamba wenye chembe nyingi, na baadhi ya chembe hizo kazi yao ni kuona gizani. Ndani yake mna rangi ambayo mwanga mkali huiharibu, nayo hurudi polepole. Jicho lililotoka katika mwanga mkali huhitaji karibu nusu saa kulizoea giza kabisa. Hata kama kiwi kile cha kwanza kinapita baada ya sekunde chache, jicho halijarudi kuwa kama lilivyokuwa.

Tena kuna jambo la pili. Mwanga ukiingia jichoni haupiti wote moja kwa moja. Sehemu yake hutawanyika ndani, ikatandaza kitu kama ukungu mweupe. Vitu vyenye mwanga hafifu, kama vile mtu aliyevaa nguo nyeusi, hufunikwa na ukungu huo. Kwa wazee ni vibaya zaidi. Lenzi ya jicho lao imeingia manjano, mboni yao haipanuki kama zamani. Utando wa jicho la mtu wa miaka 60 hupokea kama theluthi moja tu ya mwanga unaopokewa na jicho la kijana wa miaka 20. Mwenye mtoto wa jicho, yaani yule ambaye lenzi yake imeanza kufanya ukungu, hupata kiwi mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi.

Sasa, enyi wanafunzi, twaeni kalamu. Motokari inayokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kwa kila sekunde moja. Dereva akipata kiwi kwa sekunde tatu tu, amekwenda mita 50 bila kuona. Hiyo ni karibu nusu ya urefu wa kiwanja cha mpira. Ni nani kati yetu angekubali kukimbia nusu ya kiwanja akiwa amefungwa kitambaa machoni, huku watoto wanacheza ndani yake?

SAFARI YA TAA

Motokari za kwanza zilikuwa na taa za mafuta na za karabidi, ndugu wa taa zile za wachimba migodi: maji yalidondokea jiwe la karabidi, ikatoka gesi, gesi ikawaka. Taa hizo zilimulika hatua chache tu, lakini motokari zenyewe zilikwenda polepole. Kisha ukaja umeme. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani iliuza motokari zenye taa za umeme na mashine ya umeme ya kuwashia injini.

Toka hapo kila kizazi kilitaka mwanga zaidi. Mwaka 1962 watengenezaji wa Ulaya walianza kutumia globu za halojeni. Mwaka 1991 zilitokea taa za zenoni katika motokari za BMW za Ujerumani: globu ya halojeni ya wati 55 hutoa mwanga wa lumeni 1,500 hivi, lakini zenoni, kwa wati 35 tu, hutoa lumeni zipatazo 3,200. Mwaka 2007 kampuni ya Lexus ya Japani iliuza motokari ya kwanza yenye mwanga mfupi wa diodi, zile taa ndogo nyeupe zisizo na waya wa kuwaka ndani. Leo diodi zimeenea kila mahali, hata katika tochi za watoto.

Lakini kadiri mwanga ulivyozidi, ndivyo na shida ya mwenzako ilivyozidi. Kwa hiyo toka zamani motokari ilipewa mianga miwili. Mwanga mrefu ni wa barabara tupu. Mwanga mfupi ni wa kukutana na wengine. Huinamishwa chini ili uangaze barabara na usipande machoni mwa mtu. Wazee walisema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hata taa nayo, ikitaka kumfikisha mwenyewe nyumbani bila kumwumiza jirani, sharti iiname.

TAA ZENYE AKILI

Hata hivyo mwanga mfupi hauoni mbali. Mtu aliyevaa nguo za giza huonekana wakati motokari imekwisha kumkaribia. Ndipo mafundi wakafikiri: je, haiwezekani taa ijitawale yenyewe?

Wa kwanza waliishughulikia kona. Motokari ikikata kona, taa zake huendelea kumulika mbele, yaani porini, wala si njia inayoifuata. Mwaka 1948 Mmarekani Preston Tucker alitengeneza motokari yenye taa tatu. Ile ya katikati iligeuka pamoja na usukani. Zilitengenezwa 51 tu, kampuni ikafa. Mwaka 1967 Citroën ya Ufaransa iliitia motokari yake ya DS taa zilizofunikwa kwa kioo, ambazo za ndani yake ziligeuka kufuata usukani. Watu wa Ulaya walizifurahia. Sheria za Marekani zilizikataa.

Jambo kubwa zaidi lilikuja mwaka 2013, wakati kampuni ya Audi ilipotoa taa yenye diodi 25 za mwanga mrefu, kila moja ikiweza kuzimwa au kupunguzwa peke yake. Nyuma ya kioo cha mbele kuna kamera inayotazama barabara usiku kucha. Ikiona taa za motokari inayokuja, au taa nyekundu za motokari iliyo mbele, huipasha habari kompyuta. Nayo kompyuta huzima zile diodi tu zinazoelekea pale. Basi dereva anaendesha kwa mwanga mrefu, lakini yule anayekuja yumo katika kivuli kidogo kinachotembea pamoja naye, kama mtu aliyefunikwa mwavuli. Baada ya hapo kampuni nyingine zimefika kwenye diodi 84 katika taa moja, na zipo taa zenye vioo vidogo sana zaidi ya milioni moja.

Faida yake ni ya kweli. Taasisi moja ya makampuni ya bima ya Marekani, inayopima usalama wa motokari na kufahamika kwa herufi IIHS, ilieleza mwaka 2021 kwamba motokari zenye taa zilizopewa daraja la juu hugonga watu wa miguu usiku mara chache kuliko zile zenye taa mbaya, upungufu wa asilimia 23 hivi. Serikali ya Marekani yenyewe, iliyokuwa imezizuia taa zinazojirekebisha, ilizikubali kwa kanuni ya mwezi wa Februari 2022.

Lakini msomaji asidhani kwamba shida imekwisha huko kwa wenye mali. Nchini Uingereza madereva wengi wamelalamika kwamba taa mpya zinawapa kiwi, hata serikali ikaagiza utafiti mwaka 2024. Nayo kamera, ijapokuwa na akili, inatafuta taa. Motokari inayochomoza ghafula juu ya kilima huipiga kabla kamera haijaitambua. Baisikeli isiyo na taa, pikipiki ambayo globu yake imekufa, mama anayetembea kwa miguu: hao taa hizi zilizoundwa kuwalinda madereva wenzao huweza kuwapita bila kuwapa kivuli chochote. Tena kamera iliyofunikwa na vumbi ni kama mtu aliyefunikwa macho. Na sisi watu wa Katanga twalijua vumbi letu jekundu la kiangazi.

TAA ZA UPANDE USIO WETU

Haya sasa, turudi Kamalondo. Hapa taa zenye akili bado ni chache. Shida yetu ni ya zamani zaidi, na wengi wanaoibeba kila siku hawaijui.

Katika Kongo twapita upande wa kulia. Zambia wanapita kushoto, Tanzania kushoto, Afrika Kusini kushoto, Japani kushoto. Nasi tumezungukwa na kushoto! Kasumbalesa, mpakani pa Zambia, ni kilomita zipatazo 90 tu kutoka mjini kwetu, na pale kila dereva hubadili upande. Malori yanayobeba shaba na kobalti kwenda bandari za Durban na Dar es Salaam hupita pale mchana na usiku. Na motokari nyingi zilizotumika, zile zinazonunuliwa na baba wa familia kwa akiba ya miaka, au na mwenye teksibasi kwa mkopo, zilianza maisha yake Japani, zikaingia Afrika kwa bandari hizo.

Mtu atasema: Upande una kazi gani na taa? Una kazi kubwa. Mwanga mfupi hauko sawa pande zote mbili. Mafundi walioutengeneza walifikiri hivi: upande anaotoka mwenzangu, mwanga ubaki chini, upande wa ukingo wa barabara, wanakopita watu wa miguu, mwanga upande kidogo, nipate kuwaona mapema. Basi katika taa iliyotengenezwa kwa nchi za kulia kama yetu, mwanga una mkono mmoja unaoinuka kuelekea kulia. Katika taa iliyotengenezwa kwa nchi za kushoto, mkono ule huinuka kuelekea kushoto.

Ilete sasa taa ya Japani katika barabara ya Lubumbashi. Kushoto kwetu ndiko wanakotoka wenzetu. Mkono wa mwanga unainuka na kuwapiga machoni. Kulia kwetu ndiko ulipo ukingo, wanakotembea akina mama na wanafunzi. Huko mwanga uko chini, kuna giza. Tazameni jinsi hasara ilivyo mbili kwa taa moja: anayekuja anapofushwa, na anayetembea hafunuliwi. Wala dereva hana hila. Amewasha mwanga mfupi kama sheria inavyotaka. Anadhani ametimiza wajibu wake, huku wenzake wakimwapiza.

Hata usukani ukihamishwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama mafundi wanavyoweza kufanya, taa zisipobadilishwa zinabaki na desturi ya nchi zilikotoka.

MAKOSA MENGINE MATATU

La kwanza ni globu. Mtu akiona taa zake ni hafifu, huenda sokoni akanunua globu ya zenoni au ya diodi, nyeupe hata kuwa buluu, akaitia katika taa iliyoundwa kwa halojeni. Sahani ya ndani ya taa hiyo ilipimwa kwa waya mdogo wa halojeni, ukiwa mahali pake hasa. Ukitia mwanga wa umbo jingine, sahani haiwezi kuupanga. Hutawanyika kila upande, juu na chini. Mwenyewe aona weupe mwingi mbele ya pua yake na kufurahi. Lakini mbali haoni zaidi, na anayekuja haoni kabisa.

La pili ni mzigo. Teksibasi iliyojaa watu nyuma, au motokari iliyolemewa na magunia ya unga na makaa, hukaa chini kwa nyuma na kuinua pua juu. Taa nazo huinuka. Motokari nyingi zina kigurudumu kidogo karibu na usukani chenye namba 0 hadi 3 cha kuinamishia taa, lakini madereva wengi hawajakigusa hata siku moja. Zile za zenoni huwa na fimbo ndogo karibu na ekseli inayopima mzigo na kuinamisha taa yenyewe. Katika mashimo yetu fimbo hiyo huvunjika, na taa hukaa ilipo.

La tatu ni uchafu. Kioo cha taa siku hizi ni cha plastiki. Jua hukitia manjano na ukungu, vumbi hukikwaruza. Mwanga unaotoka ni mdogo tena umetawanyika. Na kioo cha mbele cha motokari kikiwa na vumbi au mafuta, kila taa inayokuja hugeuka kuwa ua kubwa la mwanga. Wakati wa mvua huongezeka na lami iliyolowa, inayorudisha mwanga juu kama kioo cha kujitazamia.

UKUTA WA MITA KUMI

Je, mtu asiye na mashine za kupimia atajuaje hali ya taa zake? Fundi mmoja mzee wa mtaa alituonyesha. Chombo chake chote kilikuwa ukuta mweupe, kamba ya mita kumi na kipande cha chaki. Kijana mwenye motokari ya Kijapani alikuwa amemjia kwa shida nyingine, ya breki.

“Papa,” alisema kijana, “taa zangu hazina neno. Zinaona mbali.”

“Zinaona mbali, mwanangu,” mzee akamjibu, “lakini zinaona upande usio wako. Njoo utazame.”

Aliisimamisha motokari mahali pa sawa, mita 10 kutoka ukutani, tairi zikiwa na upepo wa kutosha. Akapima urefu wa katikati ya taa kutoka chini, akauandika ukutani kwa mstari wa chaki. Kisha akawasha mwanga mfupi. Ukutani ulionekana mpaka: juu giza, chini mwanga. Mzee akatufundisha kwamba katika motokari ndogo mpaka huo wapaswa kuwa kama sentimita 10 chini ya mstari wa chaki, yaani taa ishuke sentimita moja kwa kila mita moja.

Wanafunzi wataona uzuri wa hesabu hiyo. Taa iliyo juu sentimita 70 kutoka chini, ikishuka sentimita moja kila mita, itaigusa barabara mita 70 mbele. Hiyo yatosha kwa mwendo wa busara. Lakini ikiinuliwa, badala ya kushuka sentimita moja ikapanda sentimita moja kila mita, basi ikifika mita 40 iko juu sentimita 110, na hapo ndipo yalipo macho ya dereva wa motokari ndogo. Tofauti ile, inayoonekana ukutani kama upana wa kiganja au viwili, barabarani ni tofauti ya kuona na kutoona.

Kisha mzee akaonyesha mkono wa mwanga. Mpaka ulikwenda sawa upande wa kulia, halafu ukapanda kuelekea kushoto. “Unaona? Taa hii bado iko Japani,” alisema. Kijana akanyamaza. Baadaye akauliza, “Nifanyeje basi?”

Dawa ziko. Iliyo bora ni kutafuta taa za motokari ya namna ile ile zilizotengenezwa kwa nchi za kulia. Hizo huuzwa pia zikiwa zimetumika. Baadhi ya taa zina kidude kidogo ndani cha kugeuzia upande, na motokari mpya zenye taa za akili mara nyingi hugeuzwa kwa kompyuta. Fundi anayeijua aina hiyo ataulizwa. Asiyeweza lolote kati ya hayo na azishushe taa zake kidogo kuliko desturi, mpaka mkono ule usifike machoni mwa watu, akaendeshe polepole zaidi usiku. Hii si dawa kamili, maana ukingo wa kulia utabaki na giza, lakini angalau wenzake hawatapofuka. Kurekebisha skrubu za taa ni kazi ya dakika chache. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa namna hii hujengwa makaburini.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Shirika la Afya Duniani lilihesabu katika taarifa yake ya mwaka 2023 kwamba barabara huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni watu wa miguu, wa baisikeli na wa pikipiki. Hao ndio watu wa Kamalondo. Ndio sisi. Kwa hiyo kila mmoja ana sehemu yake.

Ewe dereva, inamisha taa mapema uonapo mwingine, usingoje akuombe. Inamisha pia ukiwa nyuma ya motokari nyingine, maana vioo vyake vinampelekea dereva mwanga wako. Inamisha mbele ya baisikeli na mtu wa miguu. Naye ana macho, ingawa hana taa ya kukujibu. Ukipigwa na taa za mwenzako, usimlipe kwa kuwasha zako. Vipofu wawili wakikutana barabarani, ni nani atakayemwona mtoto? Punguza mwendo, elekeza macho kwenye ukingo wa kulia wa barabara, ufuate ukingo huo mpaka apite.

Nawe mwenye pikipiki, taa yako moja ni heshima yako. Iangalie isitazame mbinguni. Wenye baisikeli, wazee wetu walikuwa na dinamo zilizowashwa na tairi. Leo kuna taa ndogo za betri, na kipande chekundu cha kurudisha mwanga nyuma ya tandiko hakihitaji betri wala chochote.

Watu wa miguu, pasipo na njia ya pembeni, tembeeni upande wa kushoto wa barabara ili mzitazame motokari zinazokuja, wala zisiwatokee mgongoni. Baba na mama, mtoto anayerudi jioni avae shati jeupe au abebe kitu cheupe. Na kumbukeni jambo hili, kwa kuwa wengi hudanganyika: mwenye kutembea huiona motokari kwa mbali, akadhani nayo imemwona. Siyo. Katika kiwi, dereva haoni chochote.

Wenye mamlaka nao wana kazi. Sheria ya barabara ya nchi yetu ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Ingefaa wakaguzi wa motokari wautazame mwanga kama wanavyotazama karatasi, maana karatasi zikikosekana hafi mtu, lakini taa mbovu huua. Ukuta mmoja uliopakwa chokaa na mistari miwili ungeweza kuwekwa penye kila ukaguzi.

Kijana yule wa motokari ya Kijapani alirudi kwa mzee baada ya majuma mawili. Alikuwa amepata taa za upande wetu, zimetumika, kioo kimoja kina mkwaruzo. Zilipofungwa, akaisimamisha motokari mbele ya ukuta, akawasha. Mpaka ulikaa chini ya chaki, na mkono wa mwanga ukapanda kulia, ukaangaza majani ya pembeni na mlango wa jirani. Pale mlangoni alikuwa ameketi mama mmoja akipepeta mchele, nasi hatukuwa tumemwona mpaka wakati huo.

“Sasa umeona,” mzee alisema, akafuta chaki mikononi.